Moto wa Bibi Getrude

Moto wenyewe, tuseme kweli, haukuwa mkubwa. Magogo machache tu, ndani ya lile pipa la chuma lenye matundu matundu linalotoka kwenye tumbo la mashine ya kufulia. Sixte aliliokota huko Märsta kwenye vyuma chakavu, akalisimamisha juu ya matofali nyuma ya nyumba. Pembeni akaweka ndoo za maji. Majani ameyafyeka mpaka udongo umeonekana. Mtu angeweza kuuzima moto ule kwa buli la chai. Lakini moto ni moto, na kijiji chenyewe ni cha mbao.

Kijiji hicho, Stenlunda, kiko nje ya mji wa Märsta, Uswidi. Ukishuka treni unapanda basi, na basi lenyewe linapita likipenda. Kanisa ni la mawe, la zamani zile ambazo hata Waswidi wenyewe wanazihesabu kwa kubabaisha. Pembeni yake umesimama mnara wa kengele, mbao tupu, umevikwa vigae vya mbao kama samaki na magamba yake, na unapakwa lami ya msonobari usioze. Halafu kuna safu ya nyumba nyekundu, ghala lililoinuliwa juu ya mawe panya wasipande, na kijumba cha kuokea mikate ambacho hakijaoka mkate miaka na miaka. Vyote hivyo vinalindwa na sheria. Msumari ukidondoka unauliza kwanza, ndipo unaurudisha. Dishi la televisheni hapana. Nguo unaanika upande usioonekana barabarani. Dative, mke wa Sixte, aliwahi kutundika pazia la zambarau, akaambiwa kwa upole mwingi kwamba zambarau haikuwepo kijijini wakati ule. Wakati upi, hakuuliza.

Sixte ndiye alikuwa mtunzaji wa hayo yote. Anakata majani, anapaka lami, anawafungulia wageni kanisa. Nyumba aliyokaa na mkewe na binti yao Elise ilikuwa ya chama cha kutunza kijiji, na mkataba ulifanywa upya kila kiangazi. Mwaka huo wa elfu mbili na nane kamati ilikuwa ikae Jumatatu. Na mvua haikuwa imenyesha tangu majani yachipue.

Ndipo mama yake Sixte, Bibi Getrude, akafariki huko Makamba, Burundi.

Kwenda hakuweza. Kitabu chake cha kusafiria, kile wanachopewa wakimbizi, kinamruhusu kwenda nchi zote duniani isipokuwa ile aliyokuwa anaitaka. Mdogo wake Bertrand alipiga simu: mazishi Jumamosi mchana. Na kwao Sixte, mtu akifa, moto unawashwa uani na mtoto wa kwanza ndiye mwenye moto. Haulali mpaka marehemu alale kaburini. Ukishafika hapo unauacha ufe wenyewe, taratibu, watu wanaongea. Kuuzima kabla ni jambo la adui. Sixte ndiye mtoto wa kwanza.

*

Gunvor alikuja Alhamisi mchana kwa baiskeli. Huyu ndiye mwenyekiti wa chama, mama wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu, nywele nyeupe fupi, mgongo umenyooka kama rula. Kwa Kiswidi watu wanaitana jina tupu, hata umri uwe umepishana vipi, na kila Sixte alipomwita "Gunvor" bila kutanguliza mama, aliona kama amemtukana shangazi.

"Nani amefariki?" akauliza, maana aliona kanga nyeusi ya Dative.

"Mama."

Akashuka kwenye baiskeli, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alimaanisha, hilo Sixte aliliona. Kisha akatazama pipa.

"Moto huu uzime leo, Sixte. Kuna marufuku ya moto wa nje. Wametangaza redioni."

"Jumamosi mchana. Wakishamzika tu."

"Mnara umeupaka lami wewe mwenyewe mwezi uliopita. Unajua unavyoshika."

"Najua."

"Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba kama hizi," Gunvor akasema, akionyesha shamba tupu la shayiri. "Zamani sana. Mtu mmoja, mtu mwema kabisa, alikuwa anapika chakula cha harusi. Cheche moja. Ikabaki safu hii peke yake. Si mimi ninayekataa. Ni hizi nyumba."

Sixte alikuwa na Kiswidi cha kazi: lami, ngazi, kesho saa ngapi. Cha msiba hakuwa nacho. Akamwita Elise, binti wa miaka kumi na saba, aliyekuwa amesimama mlangoni amekunja mikono.

"Mwambie moto huu ndiye mama yangu mpaka Jumamosi. Mwambie siwezi kumwagia mama yangu maji."

Elise akasema maneno machache kwa Kiswidi. Hata Sixte alielewa: Baba anasema atakuwa mwangalifu.

"Sikusema hivyo, Elise."

"Pappa, vile ulivyosema siwezi kusema. Kwa Kiswidi unaonekana umerukwa na akili."

Gunvor akapanda baiskeli. "Nitapita jioni," akasema. "Nikiukuta unawaka, Jumatatu itabidi niseme kwenye kamati. Na mkataba uko mezani siku hiyohiyo. Sitaki kusema, Sixte. Usinifikishe huko."

*

Alasiri waombolezaji wakashuka kwenye basi. Mbele alikuwa Ludovic, kaka mkubwa wa Dative, kutoka Rinkeby, mtaa wa wahamiaji huko Stockholm, suti nyeusi na viatu vya ncha vimeshajaa vumbi. Nyuma yake alikuja Wilkister, Mkenya, wanasafisha pamoja na Dative uwanja wa ndege, amebeba chupa za chai na sufuria ya mandazi ameifunga kwa kitambaa. Na wengine, Wakongo na Warundi, ndiyo maana uani palizungumzwa Kiswahili, kila mtu na chake.

Waliposikia habari ya Gunvor, Ludovic akavua koti.

"Bon. Shemeji, nikuulize. Mama yako na kibanda cha Mzungu, kipi kikubwa?"

"Si kibanda, kaka," Dative akasema. "Ni nyumba yangu. Ndimo ninamolala."

"Nyumba zipo Rinkeby."

"Zipo wapi? Kwenye foleni? Si wewe una watoto watatu chumba kimoja, unalala na friji miguuni?"

Watu wakatazama chini wasicheke. Ludovic hakurudi nyuma. "Mimi nasema mila. Mtu anafiwa mara moja na mama."

"Na wewe baba yetu alipokufa uliwasha moto wapi? Ghorofa ya tatu? Uliwasha mshumaa wa kopo, Ludovic, ule wenye harufu ya vanila. Nilikuwepo."

Hapo Wilkister akashindwa, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Haki ya Mungu, vanila," akasema, akijifuta. Kisha akageuka kwa Sixte, uso umetulia. "Lakini Baba Elise, hata kwetu moto wa matanga hauzimwi hivi hivi. Huo ni mzigo. Mimi siwezi kukwambia uzime. Na siwezi kukwambia uache."

"Sasa umesaidia nini?" Dative akamuuliza.

"Nimeleta mandazi."

 Sixte alikuwa amechuchumaa anasogeza gogo. Dative akaja kuchuchumaa pembeni yake, akapunguza sauti.

"Baba Elise. Mama alikuwa mama yangu pia. Alikuwa ananiita kwa simu kila Krismasi, ananiuliza kama nakula. Lakini mimi nimehama, nimehama, nimehama. Kambini tulihama hema. Hapa nimeshapanda vitunguu. Usinihamishe."

"Sijasema tutahama."

"Basi uzime."

Aliposikia hilo neno kinywani mwa mkewe, Sixte akainua macho asimtazame, akatazama popote, na macho yakaangukia kijumba cha kuokea mikate, pale chini ya mteremko, karibu na mnara. Kuta zake za mawe. Ndani kuna jiko la udongo lenye mdomo mkubwa, mtu anaweza kuingiza mabega. Marufuku ni ya moto wa nje. Ule ungekuwa wa ndani. Na ufunguo ulikuwa kiunoni mwake, pamoja na funguo zote za Stenlunda.

Akauhamisha moto kwa koleo, makaa na majivu yake, bila kuyaacha yafe. Akayafukia ndani ya lile jiko na majivu mengi juu, yabaki yanapumua tu. Pipa likabaki tupu.

Jioni Gunvor akapita. Akaona pipa. Akamtazama Sixte, akaweka mkono kifuani.

"Asante," akasema. "Najua si rahisi."

Sixte akainamisha kichwa. Hakusema uongo. Hakusema chochote.

*

Ijumaa watu walizidi. Wengine walipata ruhusa kazini, wengine hawakuomba. Wakapanga mabenchi ya kanisa mbele ya kijumba, na hata hilo lilitakiwa kuombewa ruhusa. Ludovic akajipa kazi ya kuni. Kwa maoni yake, makaa yaliyofukiwa si moto, ni aibu. Akaingiza magogo, akaingiza mengine, akatoka anapangusa mikono.

"Sasa hapo bibi anaonekana," akasema.

Na kweli, baada ya muda moshi ukaanza kutoka. Ukatoka taratibu katikati ya vigae vya paa, huku na huku, paa zima likafuka kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto siku ya baridi. Wamama wakanyamaza wakilitazama. Si kwa hofu, hapana. Mtu aliyekulia milimani kwao anajua jiko linavyokuwa asubuhi: moshi unapenya kwenye nyasi za paa, ukiwa mbali unasema pale pana watu, wameamka, kuna kitu chunguni. Nyumba isiyofuka paa ndiyo ya kuogopa. Mama mmoja wa Kikongo akaanza wimbo kwa sauti ya chini, wengine wakaupokea.

Sixte alikaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu simu ya Bertrand mwili wake ukalegea. Kumbe nyumba hii inajua kufanya hivi, akawaza. Miaka yote naifagia kama kaburi la mtu.

"Pappa," Elise akasema nyuma yake. "Det brinner." Akarudia kwa Kiswahili, kwa kuwa baba hakugeuka. "Inaungua."

"Haiungui, mwanangu. Jiko limekolea. Ndivyo linavyopumua."

"Nyumba za huku hazipumulii paa. Kuna bomba."

Sixte akatazama bomba la moshi, lile la matofali lililochomoza juu ya paa. Alikuwa analiona kila siku. Alilipaka chokaa mwaka juzi. Sasa pale juu hapakutoka hata uzi wa moshi. Na mtu huyo, anayejua lami inahitaji joto gani na kigae gani kimeanza kuoza kwa kukigonga tu, hakuwahi hata siku moja kujiuliza kama bomba linaweza kuziba. Kwao jiko halina bomba. Hakuna cha kuziba.

Mle ndani ya bomba kulikuwa na viota vya kunguru wadogo wa kule, vya miaka yote ambayo jiko lilikaa baridi, vijiti juu ya vijiti, vikavu kama kiberiti. Pakasikika kitu kinalia humo kama mafuta kikaangoni. Kisha mlio ukawa mnene. Kisha cheche zikaruka juu ya bomba, upepo ukazipokea, ukazielekeza mnarani.

Wimbo ukakatika.

Gunvor alikuwa anakuja mbio kwa miguu kutoka barabarani, simu sikioni, anawaambia zimamoto jina la kijiji, analirudia herufi kwa herufi. Ludovic alikuwa ameshaikamata ndoo, yeye yule wa mila, anamsukumia Sixte. "Mwaga, shemeji. Mwaga basi, unangoja nini?"

"Msimwage," Gunvor akapiga kelele, akamvuta Ludovic mkono. "Bomba limeshika moto, maji yatalipasua, litawarukia usoni. Linyimeni hewa. Linyimeni hewa tu."

Dative hakungoja tafsiri. Aliingia ndani kwake, akatoka na mablanketi yote ya nyumba, akayazamisha kwenye pipa la maji ya bustani, akapanda ngazi ya kupakia lami miguu mitupu. Wilkister chini anamtupia, yeye anayatandaza kwenye vigae vya mnara upande wa upepo. Blanketi la harusi yao likaenda, la Elise likaenda. Cheche zikawa zinaangukia sufu iliyolowa, zinalia tss, zinakufa. "Lingine," anasema. "Lete lingine, Wilkister, acha kuomba."

Sixte aliingia kwenye kijumba peke yake na toroli la udongo, ule aliokuwa amechimba pembeni kwa ajili ya maua ya kanisa. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka kifuani, akapiga magoti. Mdomo wa jiko ulikuwa mwekundu. Akatia koleo la kwanza na mkono ukagoma, ukabaki hewani na udongo wake. Akasema jambo, kwa Kirundi, na aliyekuwa anaambiwa alikuwa mmoja tu. Kisha akautupa. Akatupa tena. Akatupa mpaka wekundu ukawa wa machungwa, ukawa kijivu, mpaka mdomo wote wa jiko ukajaa udongo, akaupigapiga kwa nyuma ya koleo usiache upenyo.

Juu kule mlio ukapungua. Ukakohoa. Ukanyamaza.

*

Zimamoto walikuta moshi tu. Walishusha mnyororo ndani ya bomba, wakatoa vijiti vilivyoungua, rundo la kujaza kitanda. Paa lilikuwa zima. Vigae viwili vitatu vya mnara vilikuwa na madoa. Mmoja wao, kijana, akauliza nani aliwasha.

"Mimi," Sixte akasema, kabla Ludovic hajafikiri cha kusema.

Wakaondoka. Gunvor alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kijumba.

"Uliniambia umeuzima."

"Sikusema. Wewe ulisema asante. Nikanyamaza."

"Ni kitu kilekile, Sixte."

"Ndiyo," akasema. "Ni kilekile."

Akasubiri amwambie mkataba basi, toa funguo. Alishaanza hata kuzifungua kiunoni. Gunvor akazitazama zile funguo.

"Babu yangu alizaliwa humu," akasema. "Ndimo mlikuwa na joto. Mimi sijawahi kuona moshi ukitoka humu, maisha yangu yote. Leo nimeuona, nikadhani naota, halafu nikadhani nakufa." Akasimama kwa kushika ukuta. "Jumatatu nitasema kwamba uliuwasha. Na nitasema kwamba uliuzima. Nitasema yote mawili. Wao wataamua. Mimi sitakuombea na sitakusukuma."

"Sawa, Gunvor."

"Si sawa," akasema. "Lakini ndivyo."

Usoni mwa Dative mlikuwa na masizi mpaka kwenye meno. Alimpita mumewe bila kumgusa, akaenda kuanika mablanketi. Aliyaanika mbele ya nyumba, upande wa barabarani, na hakuna aliyemwambia kitu.

*

Jumamosi Ludovic aliamka na wazo.

"Tuuwashe tena. Kidogo tu, kwenye pipa. Bertrand ataujuaje? Atauliza unawaka, utasema unawaka."

"Huo utakuwa moto mwingine, shemeji," Sixte akasema. "Utakuwa moto wa kuchomea mahindi."

Wakakaa mbele ya kijumba, hakuna kinachofuka. Karibu na mchana Gunvor akaja amevaa gauni jeusi, na Waswidi gauni jeusi hawavai ovyo. Hakujua akae wapi. Wilkister akamsogezea nafasi, akampa chai yenye sukari nyingi kuliko alivyozoea, na Gunvor akainywa yote.

Simu ikalia. Elise akaiweka kwa sauti ya wazi juu ya benchi, watu wakasogea. Huko Makamba kulikuwa na upepo na sauti za watu wengi.

"Kaka," Bertrand akasema. "Tumefika kaburini. Tumemshusha. Nyinyi huko mko wangapi?"

"Tupo. Tumejaa."

"Moto unawaka?"

Ludovic alimtolea macho Sixte. Dative alikuwa ameshika ncha ya kanga yake kwa meno. Ingekuwa rahisi. Ni neno moja.

"Umezimika jana," Sixte akasema. "Nimeuzima mimi. Kwa mkono wangu."

Upepo tu, huko Makamba. Mtu mmoja mbali akauliza, amesema nini, na hakujibiwa.

"Kwa maji?" Bertrand akauliza mwishowe.

"Hapana. Kwa udongo."

"Kwa udongo."

"Nilipiga magoti, nikautupa. Ilinilazimu, Bertrand. Nitakueleza yote, ila si leo."

 Bertrand akasikika anawaambia watu kitu kwa Kirundi, sauti yake imegeukia pembeni, na watu wale wakaguna kwa pamoja, ile miguno ya wazee. Kisha akarudi kwenye simu.

"Kaka, tangu asubuhi tunabishana hapa. Mtoto wa kwanza ndiye anayeanza kutupa udongo, na mtoto wa kwanza yuko Ulaya. Huyu anasema mimi, yule anasema mjomba. Koleo limechomekwa, hakuna anayeligusa." Akavuta pumzi. "Kumbe wewe ulishaanza jana. Basi sisi tunamalizia."

 Sixte akaitikia kwa kichwa, kana kwamba simu ina macho.

Ndipo ukasikika udongo. Koleo la kwanza, likaanguka peke yake. La pili. Halafu makoleo mengi, yakipishana. Gunvor akamuuliza Elise kwa sauti ya chini hicho ni nini, na Elise akamwambia. Gunvor akaweka kikombe chini, akasimama. Wote uani wakasimama, wakabaki hivyo wakisikiliza, mpaka huko wakamaliza.